Ukipigiwa Simu Kabla ya Mechi: Mwongozo kwa Wachezaji na Wazazi wa Jinja na Mbale

Juni 2024 timu ya taifa ya kriketi ya Uganda ilikuwa Guyana, Amerika Kusini, katika Kombe lake la kwanza la Dunia la T20. Siku hizo mchezaji mmoja wa timu akaanza kutafutwa kwa simu, ikishukiwa ni ili auze mechi. Aliyemtafuta alikuwa mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, mrushaji aliyekwisha kustaafu, naye alijaribu mara kadhaa kwa nambari tofauti. Mganda yule hakukaa na siri hiyo. Aliwaendea maofisa wa kupambana na rushwa wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, akawaeleza, nao wakazitahadharisha timu nyingine ndogo kuhusu mtu huyo. Ndivyo shirika la habari la India, PTI, lilivyoripoti wakati ule, bila kumtaja mchezaji kwa jina.

Natamani kila kijana anayevaa jezi Jinja na Mbale aisikie habari hii kabla ya nyingine yoyote kuhusu kuuza mechi, kwa kuwa tumezoea kusimuliana habari za walioanguka. Huyu alisimama. Tena alichokifanya hakidai kipaji wala cheo. Kinadai ujue mapema utafanya nini simu itakapolia.

Mashariki tuna sababu ya kujiandaa. Shule kama Jinja SSS na Busoga College Mwiri zimelea wachezaji wa kriketi kizazi baada ya kizazi. BUL ya Jinja ilitwaa Kombe la Uganda la mpira wa miguu mwaka 2022, na Mbale Heroes walilitwaa mwaka 1999. Na ukipanda gari kutoka Jinja kwenda Kampala utapita Lugazi, mji ambao watoto wake walikwenda Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Tangu hapo vijana wa Uganda wamesajiliwa na klabu kubwa za huko: Ben Serunkuma na Umar Male walichukuliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma akachukuliwa na Pittsburgh Pirates. Kipaji kinasafiri, na wanaotaka kukinunua kwa ubaya nao wanasafiri.

Kwa nini wakutafute wewe

Wengi hudhani mpangaji wa matokeo huwinda nyota. Nyota analipwa vizuri, ana wakala na mwanasheria, na kila hatua yake inanaswa na kamera. Mpangaji ana faida zaidi kwa mchezaji ambaye mshahara wake umechelewa, anayekwenda mazoezini kwa bodaboda ya mkopo, na ambaye mechi yake haionyeshwi popote lakini imewekwa kwenye tovuti za kubeti za mabara mengine. Mtu aliyeketi chumbani mbali kabisa anaweza kuweka dau kwenye mechi ya ligi yetu bila kujua uwanja wa Kakindu uko wapi.

Kuna sababu ya pili, na hii inaniumiza. Tarehe 8 Juni 2024, katika mashindano yale yale ya Guyana, West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39 tu. Timu changa ilikutana na wababe, ikazidiwa. Siku chache kabla ya hapo vijana hao hao walikuwa wameishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mtu mzima wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Lakini soko la kamari halitazami moyo. Linaona timu ambayo ikifungwa vibaya hakuna atakayeshangaa, na timu ya namna hiyo ndiyo mpangaji anayoitafuta. Kwa hiyo usijidanganye kwamba klabu yako ni ndogo mno. Udogo wake ndio unaomleta.

Jambo la tatu: siku hizi watu hawabeti juu ya mshindi peke yake. Wanabeti juu ya kona ya kwanza, kadi ya njano, penalti, idadi ya magoli kipindi cha kwanza, hata mrusho mmoja wa mpira. Mpangaji atakuambia, "Sikuambii mfungwe, kaka. Mnaweza hata kushinda. Nataka kadi moja tu kabla ya mapumziko." Kijana akisikia hivyo anapumua, anaona si kuuza timu. Ni kuuza timu.

Mtego hautegwi siku ya mechi

Nichukue mfano wa kubuni, ingawa kila kipande chake kimewahi kumpata mtu wa kweli mahali fulani. Kijana wa miaka 20 anacheza beki Mbale. Anapata rafiki mpya kwenye mtandao, mtu anayejua mpira, anayemsifu mechi baada ya mechi. Mwezi unapita bila kuombwa chochote. Kisha rafiki anamtumia viatu vipya. Baadaye anamtumia pesa ya simu, kidogo tu, "ya chakula cha mama." Wiki inayofuata anauliza: golikipa wenu amepona? Kocha ataanza na nani Jumamosi? Kijana anajibu, kwani kuna ubaya gani kumjibu rafiki? Mwezi wa tatu linakuja ombi la kadi ya njano. Akisita, sauti inabadilika: "Nina risiti za pesa zote nilizokutumia. Nina ujumbe wako kuhusu golikipa. Nikizipeleka kwa klabu, umekwisha."

Mtego ulifungwa siku ya viatu.

Heath Streak, aliyekuwa nahodha wa Zimbabwe na baadaye kocha, alifungiwa na ICC miaka 8 mwezi Aprili 2021. Kosa lake halikuwa kupoteza mechi uwanjani. Alitoa habari za ndani za timu na kumkutanisha mtu wa kamari na wachezaji. Alipewa sarafu mbili za bitcoin na simu ya iPhone kwa ajili ya mkewe. Jina kubwa kuliko yote katika kriketi ya nchi ile liliishia hapo.

Mzimbabwe mwenzake, Brendan Taylor, alisimulia mwenyewe jinsi alivyonaswa. Oktoba 2019 mfanyabiashara mmoja alimwalika India kuzungumzia udhamini, akiahidi dola 15,000 kwa safari hiyo. Taylor alieleza kwamba wakati huo walikuwa hawajalipwa kwa miezi sita. Usiku wa mwisho wenyeji wake walimpa kokeini, akatumia. Asubuhi wanaume wakaingia chumbani mwake na video ya usiku ule: ama atawafanyia kazi, ama dunia itaiona. Alichukua pesa ili atoke salama. Alisema hakupanga mechi yoyote, lakini alikaa miezi minne kabla ya kuripoti, na Januari 2022 akafungiwa miaka mitatu na nusu. Msome Taylor polepole. Alidaiwa mshahara wake, aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Kilichomgharimu ni ile miezi minne.

Shakib Al Hasan wa Bangladesh, mmoja wa wachezaji bora wa dunia, alifungiwa miaka miwili mwezi Oktoba 2019, mmoja kati ya hiyo ukiwa wa masharti. Hakupokea hata senti. Alitafutwa na mtu wa kamari zaidi ya mara moja, akanyamaza.

Kwa hiyo kukataa hakutoshi. Ukikataa na kunyamaza, kanuni zinakuhesabu mkosaji. Kanuni ya nidhamu ya FIFA nayo ina sharti hilo: mchezaji, kocha au mwamuzi aliyeombwa kupanga matokeo anatakiwa kuripoti mara moja, na asiporipoti anaweza kufungiwa si chini ya miaka 2. Aliyepanga mwenyewe adhabu inaanzia miaka 5 na inaweza kufika maisha.

Kilichotokea jirani

Kakamega si mbali na Mbale. Ni ng'ambo tu ya mpaka, na wachezaji wetu wengi wameshavuka kwenda kutafuta riziki katika Ligi Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2020 FIFA ilitoa hukumu kuhusu mechi za klabu ya Kakamega Homeboyz za mwaka 2019. Wakenya watatu walifungiwa miaka 4 kila mmoja. Wa nne alikuwa Mganda, naye alifungiwa maisha. Sitaji jina lake hapa, kwa kuwa ninachotaka kijana wa Namakwekwe au Walukuba akikumbuke ni kwamba kifungo cha FIFA hakina mpaka. Ukifungiwa kwa kosa la Kenya, huwezi kurudi nyumbani ukacheza ligi ya mkoa, wala kufundisha timu ya shule iliyo chini ya shirikisho, wala kushika kibendera.

Mwaka 2019 FIFA ilimfungia pia George Owino, beki wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, miaka 10 na faini ya faranga 15,000 za Uswisi, kwa kula njama na mpangaji wa Singapore, Wilson Raj Perumal, kati ya mwaka 2009 na 2011. Pima muda huo: njama ilikwisha mwaka 2011, hukumu ikaja miaka minane baadaye. Barua pepe na ujumbe havizeeki. Kwenye kriketi Kenya ilikuwa imekwisha kuonja uchungu huo mapema, pale Maurice Odumbe, aliyewahi kuwa nahodha na aliyekuwa kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, alipofungiwa miaka 5 mwezi Agosti 2004 kwa kupokea pesa kutoka kwa watu wa kamari.

Besiboli imelipa ada kubwa kulijua hili

Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walihusishwa na njama ya kupoteza fainali dhidi ya Cincinnati kwa pesa za wacheza kamari. Mahakama iliwaachia huru Agosti 1921. Siku iliyofuata Jaji Kenesaw Mountain Landis, kamishna mpya wa besiboli, akawafungia wote maisha. Mahakama ya nchi ilikuwa na kipimo chake, mchezo ukawa na chake, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: polisi wasipokukuta na hatia, shirikisho bado linaweza kukufungia.

Kutokana na msiba ule besiboli ya Marekani ina Kanuni ya 21, nayo hubandikwa ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo vya timu zote. Ukibeti kwenye mechi ya besiboli isiyokuhusu, mwaka mmoja nje. Ukibeti kwenye mechi ya timu yako, hata kama unaibetia ishinde, nje maisha. Wengi huuliza hilo la mwisho kwa mshangao: kuibetia timu yangu ishinde kuna ubaya gani? Ubaya ni huu. Siku utakayobeti na siku usiyobeti zinawaambia watu wa kamari jambo. Na ukishadaiwa nao, wao ndio watakaokuchagulia mechi ya kupoteza. Pete Rose, mpigaji mwenye mapigo mengi kuliko wote katika historia ya mchezo huo, alifungiwa Agosti 1989 akiwa meneja wa Cincinnati kwa kubeti, na kifungo kiliondolewa Mei 2025, yeye akiwa ameshafariki.

Juni 2024 alifungiwa maisha Tucupita Marcano, ambaye aliweka madau yake akiwa Pittsburgh Pirates, klabu ile ile iliyomsajili kijana wetu Matoma. Aliweka mamia ya madau, yakiwemo ya mechi za Pirates. Katika madau yake ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani alishinda asilimia 4.3 tu. Soma namba hiyo mara mbili, hasa kama wewe ndiye unayejiita mtaalamu pale kwenye kibanda cha kubeti. Mchezaji wa ligi yenyewe, mtu wa ndani ya mchezo, alipoteza zaidi ya mara tisa katika kila kumi.

Mwamuzi wa ligi hiyo hiyo, Pat Hoberg, alifukuzwa kazi Februari 2025. Ligi haikukuta kwamba aliharibu mechi yoyote. Kosa lake lilikuwa kushiriki akaunti za kubeti na rafiki yake aliyekuwa akibeti besiboli. Hapa kwetu somo hilo lina jina jepesi: laini ya simu. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukimwazima rafiki aitumie kubeti, au ukikubali akaunti ifunguliwe kwa jina lako, kila dau linalowekwa pale ni lako mbele ya mchunguzi. Kama wewe ni mchezaji, mwamuzi, kocha au mtunza vifaa, usiazime laini wala kitambulisho, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Na ile kamari ya kipande kidogo nayo imefika mahakamani. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa kwamba walirusha mipira fulani vibaya kwa makusudi ili washirika wao washinde madau. Walikana mashtaka. Ligi na kampuni za kubeti zilikubaliana dau la mrusho mmoja lisizidi dola 200. Wameona palipo na tundu.

Simu ikilia: saa ya kwanza

Usibishane na mpigaji, usimtukane, usijifanye unakubali ili umchunguze. Upelelezi si kazi yako, na ukijifanya umekubali utaacha ushahidi dhidi yako mwenyewe. Sema, "Sifanyi hivyo," kata simu.

Usifute chochote. Vijana wengi kwa hofu hufuta ujumbe na kumzuia mtu, halafu wanabaki bila ushahidi kwamba walikataa. Piga picha skrini, andika nambari, jina alilojiita, saa, na maneno yake kadiri unavyoyakumbuka, kwenye karatasi yenye tarehe. Pesa ikiwa imeshaingia kwenye simu yako bila kuiomba, usiitumie hata shilingi na usiirudishe kimyakimya. Piga picha ya ujumbe wa muamala, uiache ilivyo, na uitaje unaporipoti.

Ripoti siku hiyo hiyo. Mpira wa miguu ni FUFA, kupitia ofisi za Mengo au za mkoa wa mashariki, na FIFA yenyewe ina ukurasa wa kuripoti kwa siri kwenye tovuti yake. Kriketi ni Chama cha Kriketi cha Uganda na kitengo cha kupambana na rushwa cha ICC. Kwa mchezo mwingine, nenda kwa shirikisho lake. Unapomshuku kocha au kiongozi wako mwenyewe, mruke, nenda juu yake, huvunji adabu. Baada ya kuripoti, omba uthibitisho wa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe, na uutunze.

Ukitishiwa maisha au familia yako, pigia polisi, 999 au 112. Mtoto wa shule aliyeingizwa kwenye jambo hili, au mzazi wake, anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Na kama ulishakubali? Kama viatu viko miguuni na pesa umeshakula? Bado ripoti. Kila siku unayoripoti ni mapema kuliko kesho yake, na mwenye kuhukumu hutofautisha aliyekuja mwenyewe na aliyekamatwa. Mzazi, mwanao akikuambia jambo hili, zuia mkono na ulimi. Ukimpiga leo, kesho atamwambia mpangaji badala yako.

Kwa anayebeti

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki. Si 18. Ni 25, na huo ni umri wa juu kuliko wa nchi nyingi. Kwa hiyo karibu kila mwanafunzi unayemwona kibandani yuko nje ya sheria, na anayepokea pesa yake naye yuko nje ya sheria. Ukiona duka linapokea watoto, au mashine za sarafu zimewekwa nyuma ya duka la soda bila leseni, mwenye mamlaka ni Bodi ya Taifa ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha. Mpe mahali kamili: mtaa, jengo, saa ulizoona.

Ngoja tupige hesabu ya mkeka, yaani tiketi moja ya mechi nyingi, kwa mfano rahisi. Mechi kumi, kila moja odi 1.50. Ukiweka shilingi 1,000 unaahidiwa karibu 57,700. Inavutia. Sasa tuseme kila timu uliyochagua ina uwezekano wa ushindi wa asilimia 62, hivyo kampuni inabaki na shilingi 7 katika kila 100 kwa kila mechi. Uwezekano wa zote kumi kutimia ni kama mara moja katika mikeka 119. Utanunua mikeka ya shilingi 119,000 ili upate 57,700. Zaidi ya nusu ya pesa yako imekwenda, na kila mechi unayoongeza kwenye mkeka inaizidisha hasara, kwa kuwa zile shilingi 7 zinakatwa juu ya zilizokwisha kukatwa. Ndiyo maana mkeka mrefu hupambwa kuliko mfupi.

Kisha wako wauzaji wa "mechi za uhakika" kwenye WhatsApp na Telegram. Ujanja wao ni huu. Tapeli anawatumia watu 640 utabiri wa bure: nusu anawaambia magoli yatazidi mawili, nusu anawaambia hayatazidi. Wiki inayofuata anaendelea na wale 320 waliopata jibu sahihi, akiwagawa tena. Halafu 160, halafu 80, halafu 40. Hao 40 wameshuhudia kwa macho yao utabiri ukitimia mara nne mfululizo, wataapa mbele ya mtu yeyote kwamba jamaa anajua. Sasa anawadai 100,000 kila mmoja kwa mechi ya tano. Anaondoka na milioni nne bila kujua lolote. Nawe ukinunua "mechi iliyopangwa," umejaribu kununua wizi, kwa hiyo ukitapeliwa utaona haya kwenda polisi, naye analijua hilo.

Msimu una uzito wake. Wakati wa malipo ya miwa Kakira, wakati wa kahawa kushuka kutoka milima ya Elgon, na miaka ya tohara ya Imbalu ambapo familia za Bugisu zinakusanya pesa za kijana wao, mifuko inajaa kwa wiki chache. Kama wewe ndiye mshika pesa wa nyumba, lipa kwanza ada ya shule, mbegu na deni la duka, siku ile ile pesa inapoingia. Iliyokwisha kulipwa haiwezi kubetiwa.

Kwa walio karibu na mtu aliyezama, dalili huanza kwenye simu kabla ya kwenye sura: mikopo midogo ya simu inayofuatana, nambari ya siri iliyobadilishwa ghafla, laini ya pili, vitu vya nyumbani vinavyopungua kimoja kimoja. Mshika pesa wa kikundi au SACCO aangaliwe bila aibu. Ippei Mizuhara alikuwa mkalimani na rafiki wa Shohei Ohtani, mchezaji maarufu kuliko wote wa besiboli. Aliiba kutoka kwa Ohtani karibu dola milioni 17 kulipia kamari, kwa sababu yeye ndiye aliyezungumza na benki, na Februari 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Mshika pesa wenu asiwe peke yake anayejua nambari ya siri. Watie sahihi watu wawili, na kitabu kisomwe kila mkutano.

Kamari iliyomshika mtu ni ugonjwa unaotibika. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina vitengo vya afya ya akili. Mweleze mhudumu kwamba tatizo ni kamari, bila kuzunguka.

Kwa viongozi wa klabu

Nitasema jambo ambalo viongozi wetu hawapendi kulisikia. Semina za maadili hazimsaidii mchezaji ambaye hajalipwa tangu Januari. Mpangaji wa matokeo hulipa siku hiyo hiyo, na klabu inayokaa na mshahara wa watu inamfanyia kazi yake. Kama pesa haipo, waambieni wachezaji ukweli na tarehe, na posho ndogo itolewe kwa wakati badala ya ahadi kubwa. Waamuzi nao walipwe nauli yao kabla ya filimbi ya kwanza, na shirikisho, si na timu mwenyeji.

Halafu chukueni karatasi moja muibandike mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, kama wanavyofanya na Kanuni ya 21. Kama timu inavaa jezi chini ya mwembe, kocha atembee nayo kwenye begi la mipira na kuisoma kila Ijumaa. Iandikwe Kiswahili, na Kisoga au Kimasaba chini yake. Haihitaji maneno mengi. Hatubeti mchezo wetu, popote, kwa jina la yeyote. Habari za majeruhi na kikosi hazitoki. Hatupokei zawadi kutoka kwa tusiyemjua. Ukiombwa, usifute, ripoti leo. Chini yake ziwekwe nambari tatu za simu: ya kiongozi wa klabu aliyechaguliwa na wachezaji wenyewe, ya ofisa wa shirikisho, na ya mtu mmoja aliye nje ya klabu kabisa ambaye wachezaji wanamwamini, mwalimu mstaafu, sheikh au mchungaji. Kocha azijaribu zote tatu kabla ya msimu kuanza, kwa kuzipiga mwenyewe usiku, saa ile ambayo simu za namna hii hupigwa.